Wenzangu wanajenga, mimi napiga picha majumba yanayovunjwa

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwenye basi, natoka shifti ya usiku, kwa hiyo nivumilie nikirukaruka. Nina miaka 38, niko London tangu 2015. Kazi inayoniweka mjini ni kuhudumia wazee majumbani kwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia uji wa shayiri, kuwasikiliza. Jumamosi napiga picha za shughuli za Watanzania na Wakenya wa huku, harusi, sendofu, kipaimara, maulidi. Hizo mbili ndizo zinazolipa kodi ya nyumba.

Ya tatu hainiingizii hata senti. Ninaishi Walworth, kusini mwa mto Thames, karibu na Elephant and Castle. Nilipofika, mtaa ulikuwa kama mgonjwa aliyeshapangiwa operesheni. Heygate, yale majumba ya zege yaliyokamilika 1974, nyumba zaidi ya elfu moja, yalikuwa yamemalizika kuvunjwa mwaka mmoja tu kabla yangu. Lilikuwa limebaki jengo la maduka lililofunguliwa 1965. Ndani ungewakuta Wakolombia na vibanda vyao vya chakula na vya kutuma pesa kwao, Wanigeria na vitambaa, wazee wa Kijamaika wakipanda juu kucheza bingo. Kila mtu alijua litavunjwa, lini hakuna aliyejua. Nikaanza kupiga. Nilipiga mpaka siku lilipofungwa, tarehe 24 Septemba 2020, sote tumevaa barakoa, na mwaka uliofuata nikapiga mashine zikilitafuna. Sasa niko Aylesbury, hapo hapo Walworth: nyumba takriban 2,700 zilizojengwa kati ya 1963 na 1977, zinavunjwa kwa awamu. Alfajiri nikitoka kazini napita pale. Unaona ghorofa zima milango imezibwa kwa mabati, halafu dirisha moja juu linawaka taa, mtu anachemsha chai.

Nina picha zaidi ya elfu kumi na nne, Shangazi. Ziko kwenye eksteno mbili, zile diski za nje za kompyuta, ndani ya boksi la viatu, chini ya kitanda.

Sasa matatizo. Nyumbani nina kiwanja Kibaha, boma limekwama kwenye lenta tangu 2021. Mwaka jana nilinunua lenzi ya mtumba kwa paundi 900. Kaka yangu akasikia, sijui kwa nani, akanitumia sauti ya dakika sita. Mengi nimeyasahau ila hili limeniganda: "Wenzako wanabeba boksi wanajenga nyumba, wewe unabeba boksi unapiga picha nyumba za Wazungu zinazobomolewa." Mke wangu aliisikia ile sauti, simu ilikuwa mezani. Hakusema neno. Alivaa viatu akaenda kumchukua mtoto shule.

Halafu kuna mama mmoja wa Sierra Leone anauza vitambaa soko la East Street. Nimempiga picha miaka minne, tukitaniana vizuri tu. Mwezi uliopita alinisimamisha mbele ya wateja: "Wewe, sura yangu unaipeleka wapi? Mimi mwenyewe sijawahi kuiona." Akanipa mgongo. Kijana mmoja aliyekuwa pembeni akaongezea, eti nikapige kwetu. Tangu siku hiyo napita mtaa wa nyuma.

La mwisho ndilo linaninyima usingizi. Kati ya wazee ninaowahudumia kuna bibi wa miaka 86, yuko Aylesbury, jengo lake limo kwenye orodha. Ana ugonjwa wa kusahau. Asubuhi moja alikuwa amekaa dirishani na kanga niliyompa mabegani, nje winchi inazunguka, mwanga umempiga upande mmoja wa uso. Nilimwomba, akacheka, akasema piga. Ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani. Kuna kikundi cha wasanii wa mtaani wanaandaa maonyesho, wanataka picha zangu 12 ifikapo mwisho wa mwezi, na hiyo wanataka iwe ya kwanza, ukubwa wa mlango.

Je, niwape? Na huu mradi wenyewe, niendelee au niachane nao nikamalize lenta?

(Mimi ni mtoto wa Magomeni Kota, Dar es Salaam. Nyumba zetu nazo zilivunjwa. Kaya 644 zilirudi kwenye maghorofa mapya mwaka 2022, mama yangu yumo, yuko ghorofa ya tatu na halalamiki. Sina hata picha moja ya ile nyumba ya zamani. Sijui kwa nini naliandika hili.)

Mpiga Picha wa Alfajiri, London

*

Marahaba, mwanangu. Pole na usiku.

Swali lako la mwisho nitalifikia. Naanza na bibi wa dirishani kwa sababu yeye ana tarehe, na mambo yenye tarehe yakichelewa hujiamulia yenyewe.

Usiwape. Waandikie leo kwamba picha hiyo haimo. Najua umeshajitetea moyoni: nilimwomba, akakubali, akacheka. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia ana ugonjwa wa kusahau. Aliyekubali asubuhi huenda saa sita mchana hakumbuki kama kulikuwa na kamera. Na uliingiaje chumbani kwake? Uliingia kwa ufunguo wa kazi. Ulikuwa pale kumpa dawa, na yeye alikuacha ukae karibu naye vile kwa sababu wewe ndiye unayemwogesha. Mpiga picha mgeni asingeipata picha ile, na hapo ndipo kosa lako lilipo. Nina hakika mkataba wako wa kazi una mstari kuhusu picha za wagonjwa, nawe una hakika zaidi yangu. Ukipoteza kazi kwa hilo, sitakuwa na la kukuambia.

Hata hivyo sikwambii uifute. Ukiifuta utakuwa umejificha tu. Isafishe nakala moja, saizi ya kawaida ya albamu, umpelekee mwanawe au yeyote anayemsimamia mambo yake. Mweleze ulivyoipiga na kwamba hukupaswa kuipiga bila kumuuliza yeye. Nusu ya aibu utakayoipata ni haki yako. Kisha nyamaza umwache aitazame. Akisema ifute, unafuta mbele yake. Akisema inamfurahisha, basi ni yake, aiweke ukutani. Siku akitaka mwenyewe ionekane kwa watu, mnakwenda pamoja kwa msimamizi wako wa kazi, kwa maandishi. Hilo haliwezi kukamilika mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo kwenye maonyesho haya haimo. Una picha elfu kumi na nne, usiniambie zimebaki kumi na moja.

Sasa mama wa vitambaa. Hapa niruhusu nizungumze kama mtu wa kazi, maana kabla sijawa shangazi wa kila mtu nilikaa kaunta ya studio ya picha Tanga, miaka ya themanini, filamu yenyewe ya kutafuta kwa tochi. Mimi sikuwa napiga. Kazi yangu ilikuwa kukata pembezoni, kuandika nyuma kwa penseli jina, tarehe na mtaa, na kupokea pesa. Tulikuwa na droo ya picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Tajiri alitaka zitupwe kila mwisho wa mwaka, nami nilikuwa nikimzungusha. Siku moja akaja kijana kutoka Pangani, baba yake amefariki, na nyumba nzima haina sura yake. Alisikia tu kwamba mzee aliwahi kupiga picha mjini. Tulipekua ile droo mimi na yeye, mchana kutwa. Tuliipata, na tuliipata kwa sababu ya penseli. Mle ndani kulikuwa na wanaume thelathini wenye suti, wote wamesimama mbele ya pazia lile lile.

Zako, mwanangu, zina penseli? Nani anajua jina la mama wa Sierra Leone, kibanda chake kilikuwa namba ngapi, alihamia lini kutoka wapi? Kamera inaandika saa na tarehe, sawa. Haiandiki kwamba yule mzee wa bingo alikuwa dereva wa basi, wala kwamba duka lile la kutuma pesa lilikuwa zamani kinyozi. Hayo yako kichwani mwako, na kichwa chako kinafanya kazi usiku.

Huo mji unaoupiga unaijua kazi hii kuliko unavyodhani. Mwaka 1875 palikuwa na nyumba ya wageni kongwe karibu na kanisa la St Paul's, ikiitwa Oxford Arms, imeshahukumiwa kuvunjwa. Watu wachache wakachangishana wakalipa wapiga picha waiwahi. Wakaendelea na majengo mengine mpaka 1886, na walipomaliza walikuwa na picha 120. Miaka kumi na moja, picha mia na ishirini! Baadaye waliziandikia na maelezo, jengo hadi jengo, ndiyo maana mpaka leo mtu akizishika anajua anatazama nini. Wewe una mara mia ya hizo na hujaandika mstari.

Na kama unataka mtu wa karibu nawe zaidi, yupo James Barnor wa Ghana. Alikuwa na studio yake Accra, akaenda London mwaka 1959, akafanya vibarua, akasoma, akapiga Waafrika wenzake wakiwa wamependeza katikati ya jiji lile la baridi. Aliporudi kwao alisaidia kuanzisha usafishaji wa picha za rangi. Maonyesho makubwa ya Uingereza yalimfikia ameshapita miaka themanini. Sikutajii huyu ili uote umaarufu wa uzeeni. Nakutajia kwa sababu miaka yote hiyo ya katikati, bila maonyesho, alizitunza negativu zake. Boksi la viatu chini ya kitanda, bomba la jirani wa juu likipasuka, umekwisha. Nakala ya tatu ikae nje ya nyumba yako, wiki hii.

Kwa hiyo nakupa adhabu, au likizo, iite utakavyo: miezi mitatu usipige picha hata moja ya mtaa. Harusi piga, ndizo zinazolisha watu. Ule muda wa alfajiri uutumie kuchagua. Chagua kwanza za watu, majengo yatasubiri. Kila mtu unayemjua usoni, msafishie nakala moja, andika nyuma, umpelekee mkononi. Anza na mama wa vitambaa. Usimpelekee kwenye simu, mpelekee karatasi, uende mchana soko likiwa limejaa, kwa sababu alikuaibisha mbele ya wateja na atapenda kukusamehe mbele ya wateja. Chukua nne, moja kwa kila mwaka. Atasema katika hii alikuwa amenenepa. Mwache aseme, na wewe uwe na daftari, maana hapo ndipo atakapokutajia majina ya majirani zake wote wa kibanda bila wewe kuuliza.

Kijana aliyekwambia ukapige kwenu mpuuze kidogo, usimpuuze sana. Unalipa kodi ya halmashauri ya pale miaka kumi, mtoto wako anasoma pale, mtaa ni wako kama wa yeyote. Ila aliona mtu mwenye kamera anachukua bila kurudisha, na alichokiona kilikuwa kweli. Ukianza kurudisha, hata yeye atakuomba umpige.

Mambo mawili ya kisheria, kwa haraka. Barabarani Uingereza huhitaji kibali kupiga mtu au jengo, lakini viwanja vingi vipya kwenye hayo maendeleo yenu vinaonekana vya umma huku ni mali ya kampuni, na askari wao akikwambia ondoa kamera, ondoa, usimpe hadithi ya haki zako. La pili: hakimiliki ya picha ni yako, na huko inadumu maisha yako yote na miaka 70 baada ya kufa. Soma karatasi ya hao wasanii kabla ya kutia saini. Wakubalie waonyeshe, wasikubebee haki zote kwa sababu ya ukuta wa wiki mbili na juisi. Zaidi ya maonyesho, nenda ukazungumze na hifadhi ya kumbukumbu ya Southwark, na Bishopsgate Institute kule karibu na Liverpool Street, ambao wanakusanya kumbukumbu za watu wa kawaida wa London. Hawatakutajirisha. Watakuuliza maelezo ya kila picha, ndiyo maana nimekwambia penseli kwanza.

Tumefika kwa kaka. Nimeicheka ile sentensi yake mpaka miwani ikaanguka, nikaona pia ana nusu ya haki. Usimjibu kwa neno sanaa. Mtu anayetazama boma lako likiota majani kila akipita Kibaha, ukimwambia sanaa unamwongezea hasira. Mpe hesabu. Mwambie: nyumba itaendelea kwa kiasi hiki kwa mwezi, kuanzia mwezi huu, na pesa ya picha inatoka kwenye picha tu. Yaani harusi moja katika kila nne iwe ya mradi, tatu za nyumbani. Ukitaka lenzi, ingoje hiyo ya nne. Kisha fuata ulichosema, maana kaka wa namna hiyo anahesabu.

Mkeo ni jambo jingine kabisa, na hapo umeniandikia mistari mitatu kwenye barua ndefu. Alivaa viatu akatoka. Mimi simsikii akilalamikia paundi 900. Namsikia mtu aliyetangaziwa mbele ya simu kwamba mumewe ana kitu anachokipenda kuliko nyumba, na mumewe hakukanusha. Nikuulize: yeye ameziona hizo picha? Simaanishi moja mbili kwenye simu. Ameketi akazitazama? Na humo ndani ya elfu kumi na nne yumo mara ngapi? Miaka yote mtaa unabadilika na yeye anautembea na pochi na mtoto mkononi, na wewe unapita alfajiri kutafuta dirisha la mtu mwingine lenye taa. Wakati wa kuchagua, kaa naye. Mwache yeye aseme ipi ikae na ipi itoke. Atakosea baadhi, nawe vumilia.

Sasa lile ulilolifungia kwenye mabano. Sitakufanyia uganga wa nafsi, sijasomea. Unaniuliza kama uache, na mtu aliyekosa hata picha moja ya nyumba aliyozaliwa sidhani kama anaweza kuacha, hata nikimwamuru. Kwa hiyo endelea, baada ya miezi yangu mitatu.

Lakini umekosea jambo moja la kazi yako mwenyewe. Unasema hakuna picha ya Kota. Nani amekwambia? Wewe unapiga harusi kila Jumamosi. Ukimpiga bibi harusi mlangoni kwa kina fulani, nyuma yake kuna nini? Kuna mlango, ukuta, bomba la maji, kuna viatu vya wageni. Watu wa Magomeni walikuwa hawapigi picha za nyumba, walipiga picha za ubarikio, za mtoto akitimiza mwaka, za arobaini, za sendofu chini ya turubai. Nyumba yenu imo humo, imesimama nyuma ya watu. Mpigie mama yako huko ghorofa ya tatu, umwambie apite kwa majirani wa zamani, kaya zile zimerudi pamoja, wengine yuko nao korido moja. Aombe albamu. Aazime, apige kwa simu ukurasa hadi ukurasa, akutumie. Wewe huko ukizipokea, usiangalie keki. Angalia nyuma ya bibi harusi, ukuze, utafute rangi ya mlango wenu.

Shangazi